Marsabit: hakimu amfuate mfugaji, au mfugaji amfuate hakimu?

Kaunti ya Marsabit ina karibu kilomita za mraba 70,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785, yaani kama sita na nusu kwa kila kilomita ya mraba. Ina majimbo manne ya uchaguzi, Saku, Laisamis, Moyale na North Horr, na wadi 20. Mahakama Kuu iko mjini Marsabit. Moyale, mpakani na Ethiopia, kuna mahakama ya hakimu. Yote mawili ni majengo ya kando ya lami ya Isiolo–Moyale. Magharibi, toka jangwa la Chalbi hadi Ziwa Turkana, watu hungoja mahakama tembezi au hufunga safari.

Wengi humlaumu gavana kwa hilo, na hapo wanakosea. Bunge la kaunti hutunga sheria za ushuru wa soko la mifugo au leseni za biashara, lakini anayezivunja hupelekwa kwa hakimu wa Idara ya Mahakama, ambayo ni ya kitaifa. Polisi na machifu nao ni wa serikali kuu. Gavana anaweza kutenga kiwanja na kupiga debe, basi.

Wanaotetea mahakama tembezi wana hoja nzito. Jengo la kudumu linataka hakimu, makarani, nyumba, umeme na mahabusu, na katika eneo lenye watu wachache huenda likakaa siku nyingi bila kesi. Gari moja hubeba hakimu, karani, mwendesha mashtaka, mkalimani na majalada, na kesi za matunzo ya watoto au madeni madogo huweza kumalizwa hapo hapo.

Shida ni kwamba kikao kimoja kikiharibika, kesi hungoja kingine. Mvua ikinyesha, chumvi ya Chalbi hugeuka tope na gari halipiti. Shahidi aliyepewa wito akiwa kijijini huwa ameshahamia fora, kambi ya malisho ya mbali, na ngamia. Mkalimani wa Kiborana yupo, lakini mlalamikaji ni Mdasenech, mwenye lugha nyingine. Mshtakiwa aliyekosa dhamana hubaki rumande muda wote huo. Katiba, Ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata muda huo ukiisha nje ya saa za mahakama; kituo cha polisi chenye gari moja bovu hakiwezi kutii hilo kutoka ufukoni mwa ziwa.

Ndiyo maana watu hukimbilia maslaha, suluhu ya wazee. Ibara ya 159 inaitambua, mradi isikiuke haki za msingi. Ni ya haraka, na familia iliyofiwa hupata mifugo, jambo ambalo kifungo hakiwapi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kuafikiana kwa ngamia na mbuzi. Lakini Azimio la Modogashe la 2001, lililokusudiwa kutuliza mapigano ya wafugaji kaskazini, liliweka fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Hesabu hiyo haiwezi kusimama mbele ya katiba inayosema wote ni sawa. Tena mwanamke aliyebakwa mara nyingi hata haketi barazani wazee wakimpatanisha na aliyemdhulumu.

Ardhi je? Wakazi walipopinga hati za ekari 150,000 za mradi wa umeme wa upepo karibu na Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kesi ya 2014 ilikatwa Oktoba 2021, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Meru, nje ya kaunti. Mahakama iliona hati hazikufuata utaratibu. Walishinda, ila baada ya miaka saba na nauli za kwenda na kurudi ambazo hakuna aliyezihesabu. Kesi ya namna hiyo haiwezi kusikilizwa chini ya mti siku mbili kila baada ya miezi kadhaa.

Kwa hiyo mimi sioni sababu ya kuchagua moja. Madeni, talaka na matunzo yaachiwe gari, na tarehe zifungwe na siku za mnada wa mifugo, kwa kuwa siku hiyo hata walio fora hushuka. Kesi za jinai zinazoweka mtu rumande zinahitaji hakimu anayelala North Horr, hata kama ofisi yake ni kontena yenye paneli za sola.