Throto Bodi Kubwa kwa Injini ya Kiwandani: Mnanunua Nini Hasa?

Nianze na msimamo wangu ili tusizungushane. Throto bodi ni lile lango la hewa ya injini, lenye kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta, na wengi hununua kubwa zaidi wakitarajia nguvu. Kama injini yako haijaguswa, yaani vali zake ni za kiwandani, kamshafti (shafti inayofungua vali) ni ya kiwandani na kompyuta ya injini haijachezewa, throto bodi kubwa haitakuongezea nguvu yoyote ya kujivunia. Najua watakuja watu wa "mimi nilifunga na gari ikabadilika". Sibishi, ilibadilika. Tunachobishania ni kitu gani kilichobadilika.

Twende kwenye hesabu, si ngumu. Injini ya petroli ya lita 2 huvuta hewa ya ujazo wake mzima kila krenki, ile shafti kuu inayosukumwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni lita 100 za hewa kila sekunde, kama silinda zingejaa kabisa. Huwa hazijai, tuseme zinajaa asilimia 85. Basi lita 85 kwa sekunde zinapita kwenye tundu la milimita 60, lenye eneo la sentimita za mraba 28 hivi. Ekseli ya kile kisahani cha ndani inameza karibu moja ya tano ya nafasi hiyo, kwa hiyo hewa inalazimika kukimbia kama mita 37 kwa sekunde. Inasikika kama kimbunga. Lakini hewa ni nyepesi, na kasi hiyo inakugharimu chini ya kilopaskali 1 ya mgandamizo, wakati hewa ya nje, usawa wa bahari, ina kilopaskali 101.

Sasa funga ya milimita 70. Eneo la tundu limeongezeka kwa zaidi ya theluthi, na hiyo ndiyo namba utakayoiona kwenye tangazo. Upotevu wa mgandamizo unapungua karibu nusu. Sawa, lakini ni nusu ya kitu ambacho hakikufika asilimia 1! Kwa injini ya nguvu za farasi 150, umepata chini ya farasi mmoja, tena kwenye mizunguko ya juu kabisa na mguu ukiwa sakafuni. Mashine yenyewe ya kupimia nguvu inaweza kutofautiana zaidi ya hapo kwa gari lile lile, ukipima sasa na ukapima tena injini ikishapata joto zaidi.

Asiyeamini hesabu aangalie mashindano. Kwa miaka mingi sheria za Formula 3, mashindano ya magari, zilizilazimisha injini za lita 2, zisizo na turbo, zivute hewa yote kupitia tundu la milimita 26, na bado zilitoa nguvu za farasi zaidi ya 200. Tundu lile linabana kwelikweli, maana limewekwa makusudi libane. Ila jiulize: kama 26 zinapitisha hewa ya farasi 200, hizo 60 zako zina shida gani na farasi 150?

Kinachobana injini ya kawaida kiko mbele zaidi, kwenye vali za kuingizia hewa. Vali inanyanyuka milimita chache tu, inakaa wazi kwa muda mfupi wa kila mzunguko, na anayeamua inyanyuke kiasi gani na kwa muda gani ni kamshafti. Kupanua lango la ua hakuongezi vyumba vya nyumba.

Kwa nini basi dereva anaapa kuwa gari limepata nguvu? Ni pedali. Kisahani kikubwa kikizunguka pembe ile ile, kinafungua eneo kubwa zaidi. Ukikanyaga robo, injini inapata hewa ambayo zamani ungeipata ukikanyaga karibu theluthi. Gari linaruka, mgongo unagonga kiti, na tabasamu hilo hapo. Ukikanyaga yote, hakuna kipya. Huko mwanzoni mwa pedali, kwenye foleni, gari linakuwa la kushtukashtuka, na abiria wako ndio wa kwanza kulalamika.

Halafu yapo ambayo muuzaji hayataji. Kama shingo ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, bado ni ya milimita 60, ile throto bodi ya 70 inaishia kwenye ngazi: hewa inatoka kwenye tundu pana na kugonga ukingo. Fungua uguse kwa kidole, utaihisi. Kompyuta nayo inajua kisahani cha zamani, kwa hiyo bila kuifundisha upya injini inaweza kupanda na kushuka gari likiwa limesimama, au taa ya injini ikawaka na skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) ikasoma kosa P0507, yaani mizunguko iko juu kuliko inavyotakiwa ukiwa hujakanyaga mafuta.

Kipimo kipo, na kama gari lina sensa ya mgandamizo wa manifoldi, skana ya kawaida inatosha. Washa swichi bila kuwasha injini, usome namba. Usishtuke ukiona 85 badala ya 101, uko mwinukoni tu. Kisha tafuta mahali salama, kanyaga yote hadi mizunguko ya juu, na mwenzako asome tena. Tofauti ikiwa kilopaskali 1 au 2, hiyo ni jumla ya filta, bomba na throto bodi kwa pamoja, na kwenye throto bodi hakuna cha kufukuzia. Tofauti ikiwa kubwa, anza na filta na bomba lake, maana mara nyingi uchafu uko huko.

Mambo yanageuka ukishabadilisha kamshafti, ukapanua njia za hewa kwenye silinda hedi, au ukaongeza ujazo wa injini. Hewa ikiongezeka mara mbili, upotevu kwenye tundu lile lile unapanda mara nne. Hapo pima tena, na skana ikionyesha kilopaskali 5 zimepotea baada ya filta safi, nunua hiyo 70, na shingo ya manifoldi ichongwe ilingane nayo kabla hujafunga gasketi.