Ukocha wa Kundi Si Ukocha wa Bei ya Jumla

Karibu kila wiki kocha mwenzangu mmoja, si wa michezo bali wa kuwasaidia watu kwa mazungumzo kushughulikia mambo ya kazi na maisha yao, ananiandikia swali lilelile. Ana wateja sita au saba anaokutana nao mmoja mmoja, ratiba imejaa, kufikia Alhamisi sauti imemkauka, na sasa amepiga hesabu. Saa anayompa mtu mmoja akiwapa watu 8 kwa pamoja, kila mmoja akalipa nusu ya ada, saa hiyo itamlipa mara nne. Anataka kujua aanzie wapi. Namjibu aanze kwa kuiweka hesabu hiyo kando, maana ndiyo inayovunja makundi mengi kabla ya kikao cha tano.

Niliifuata mimi mwenyewe. Kundi langu la kwanza, lililokutana kwa video mtandaoni, lilikuwa na watu 22, na nilidhani wingi ule ni ushahidi kwamba nimefaulu. Niliandaa masomo 12, nikawa nafundisha saa nzima, kisha nauliza kama kuna mwenye swali. Kufikia kikao cha saba walikuwa wamebaki 6. Waliotoweka hawakugomba wala kudai warudishiwe fedha. Waliacha tu kuingia, na nilipowapigia walinijibu kwa adabu kwamba kazi zimewazidi. Mwishoni niliwaomba waliobaki waniandikie kitu kimoja kilichowasaidia. Watano waliandika jambo walilolisikia kwa mshiriki mwenzao. Mmoja aliikumbuka neno kwa neno sentensi ya mama mmoja ambaye kwa wiki zote zile alikuwa amefungua kinywa mara mbili. Masomo yangu yalitajwa na mtu mmoja. Majibu yale yaliniuma, nikayasoma tena na tena mpaka nikakubali yalichokuwa yananiambia.

Anayejiunga na kundi hajanunua kipande cha kocha. Amenunua wenzake. Kazi unayolipwa ni kuwachagua hao wenzake, kuwakutanisha kwa namna itakayowafanya waaminiane, na kuwalinda. Ukilishika hilo, karibu kila uamuzi wa biashara hii unabadilika: idadi, ada, nani aingie, hata wewe useme mara ngapi. Ukiuchukua kama ukocha uleule uliokatwakatwa ili utoshe wengi, utauza kitu pungufu, na wateja watalijua hilo kabla yako.

Wengine walishalipitia zamani. Mwaka 1905, huko Boston, daktari Joseph Pratt alianza kuwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu ili awafundishe kwa pamoja namna ya kujitunza nyumbani. Mwanzoni alitaka kuokoa muda, asirudie maelezo yaleyale kwa kila mgonjwa. Baadaye aliona kwamba kukutana kwenyewe, mgonjwa kumwona mgonjwa mwenzake anapata nafuu, kulikuwa kunawatia nguvu ambayo maelekezo peke yake hayakuwapa. Leo anatajwa miongoni mwa waanzilishi wa tiba ya vikundi. Huwa namtaja kwa makocha wapya kwa sababu alianzia palepale tunapoanzia sisi, kwenye uhaba wa saa, lakini hakukwama hapo.

Kuhusu idadi, msimamo wangu ni watu 8, na wanaoniomba niongeze kiti kimoja tu wananijua. Watu 8 wana mahusiano 28 ya wawili wawili kati yao. Wakiwa 20, mahusiano yanafika 190, na hakuna watu wanaoweza kuyajenga hayo yote kwa miezi mitatu. Halafu kuna zamu. Kikao changu ni cha dakika 90: robo saa ya wote, kila mmoja akieleza kwa ufupi alipofikia, zamu mbili za nusu saa ambapo mwenye zamu analeta jambo lake na kundi zima linalishughulikia, kisha robo saa ya kufunga. Vikao 12 vinatoa zamu 24, kwa hiyo kila mshiriki anapata 3: ya kwanza kuleta jambo, ya pili kurudi kusema kilichotokea alipojaribu, ya tatu kwa lile lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Mara nyingi la tatu ndilo lililomleta. Wakiwa 20, wengi wataondoka na zamu moja, na hilo la tatu halitasemwa kamwe.

Wingi unapunguza hata juhudi. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alilipima hili kwa watu wanaovuta kamba, akachapisha matokeo mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyozidi kupungua chini ya uwezo wake. Katika kundi langu la watu 22 nililiona kwa macho yangu, kamera zikizimwa moja baada ya nyingine.

Sasa turudi kwenye ile hesabu, kwa sababu fedha ni muhimu na kocha anayeshindwa kulipa kodi ya nyumba hawezi kumsikiliza mtu kwa utulivu. Makocha wengi wanahesabu saa za vikao tu. Mimi nimeandika saa zangu kwa misimu kadhaa. Vikao 12 vya dakika 90 ni saa 18. Mahojiano na waombaji 15, nusu saa kila mmoja, ni saa 7 na nusu. Mazungumzo ya faragha na kila mshiriki kabla hatujaanza, dakika 45 kwa watu 8, ni saa 6, na mengine mafupi katikati ya msimu yanakaribia saa 3. Kujiandaa na kuandika kumbukumbu ni saa 12. Kufuatilia kundi la ujumbe kati ya kikao na kikao, saa 2 kwa wiki, ni saa 24. Jumla inapita saa 70. Mteja wa peke yake, kwa vikao 12 na maandalizi yake, ananichukua saa kama 18. Kundi moja basi linakula muda wa karibu wateja wanne.

Ukitoza nusu ya ada, watu 8 wanakulipa sawa na wateja wanne. Umetoka sare, na umebeba hatari kubwa zaidi. Ukitoza theluthi moja, kama wengi wanavyofanya kwa kuogopa viti kubaki wazi, unapata ada isiyofika ya wateja watatu kwa jasho la wanne. Mimi natoza theluthi mbili. Wapo wanaoshtuka wakidhani kundi lazima liwe la bei rahisi, nami nawaeleza bila kuona haya kwamba kwa tatizo walilonalo kundi litawafaa kuliko mimi peke yangu. Mtu aliyepandishwa cheo hivi karibuni na sasa anawasimamia waliokuwa wenzake jana, akiamini ni yeye tu anayelala macho wazi, atapona haraka zaidi akiwasikia watu saba wakisema usingizi umewahama. Mimi naweza kumwambia hayuko peke yake. Wao ni uthibitisho. Kama huwezi kusema hivyo kuhusu kundi lako na ukamaanisha, usilifungue bado. Endelea na mteja mmoja mmoja mpaka uone tatizo linalojirudia kwao wote, maana humo ndimo kundi lako litakamotoka.

Kazi ngumu kuliko zote ni kukataa watu. Naandika hili nikijua linavyochoma pale viti viwili viko wazi, tarehe imekaribia, na mwombaji yuko tayari kulipa leo. Nimewahi kumkubali mtu niliyekuwa na wasiwasi naye tangu dakika ya kumi ya mahojiano. Alikuwa mwerevu, mwenye bidii, na alikuja kutafuta wanunuzi wa huduma yake. Ndani ya wiki tatu kila mshiriki alikuwa ameandikiwa ujumbe wa pembeni. Hakuna aliyenilalamikia, ila mazungumzo yalipoa, watu wakaanza kuleta mambo mepesi, na sikujua sababu mpaka mmoja aliponiambia wakati wa kuagana. Ada ya mtu mmoja iligharimu msimu mzima wa watu saba. Yule hakuwa na kosa kubwa kama langu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaona.

Tangu hapo simkubali anayekuja kuuza. Siwaweki pamoja bosi na anayeripoti kwake, hata wakiniapia kwamba wanaelewana. Simchukui anayetaka kuja kufundisha wengine. Na yupo yule ninayemkataa kwa uangalifu mkubwa kuliko wote: anayeumia kwa namna ambayo ukocha haukuundwa kuitibu. Msiba uliotokea juzi, huzuni isiyomruhusu kuamka kitandani, mawazo ya kujidhuru. Huyu anahitaji daktari au mshauri wa afya ya akili, na kumwingiza kwenye kundi ni kumwacha yeye na wengine saba mahali ambapo hakuna aliyefunzwa kuwashika. Katika nchi nyingi sheria haidai leseni yoyote kwa anayejiita kocha. Yapo mashirika ya kitaaluma, kama International Coaching Federation iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye maadili na vyeti vyake, lakini kujiunga ni hiari. Kwa hiyo mlango unaulinda wewe. Naweka tayari majina ya wataalamu ninaowaamini kabla sijafungua mahojiano, ili ninayemkataa asiondoke mikono mitupu.

Jambo jingine ninalotofautiana na makocha wengi ni rekodi. Ushauri unaosambaa ni kurekodi kila kikao, kwa kuwa asiyehudhuria atatazama baadaye na mteja ataona amepata vingi. Mimi sirekodi. Mtu anayejua maneno yake yanahifadhiwa huongea na atakayemsikia mwezi ujao, na kundi hufa hivyo kwa ustaarabu kabisa. Pia mwenye uhakika wa rekodi ana ruhusa ya kukosa. Akishakosa vikao viwili anajiona mgeni, wenzake nao wanamwona mgeni, na cha tatu hatakuja.

Siri yenyewe inahitaji ukweli tangu mwanzo. Kocha wa mtu mmoja anaweza kuahidi kufunga mdomo wake. Kocha wa kundi hana uwezo wa kuahidi midomo ya watu saba wengine, na anayeahidi hivyo anadanganya hata kama nia yake ni njema. Ninachofanya ni kuandika makubaliano mafupi na kuyasoma kwa sauti katika kikao cha kwanza: habari za mwenzako hazitoki humu, hata bila kutaja jina, hata kwa mwenzi wako. Kila mmoja anasema kwa kinywa chake kwamba amekubali. Kubofya kisanduku cha kukubali masharti hakufanyi kazi hiyo. Ni lazima mtu amsikie mtu.

Halafu inakuja wiki ya nne. Mwaka 1965 mwanasaikolojia Bruce Tuckman alieleza kwamba makundi madogo, baada ya kujiunda, hupitia kipindi cha mvutano kabla ya kutulia na kufanya kazi vizuri. Kwenye makundi yangu mvutano huanza hapo au wiki moja baadaye. Adabu ya mwanzo imekwisha, mmoja anachoka na hadithi za mwingine, mwingine anahoji kama ada yake ina thamani. Ndipo maombi ya kujitoa yanapofika. Kocha mgeni huogopa, akaongeza masomo, akaongeza makaratasi, akaongea zaidi, na kwa kufanya hivyo anawapokonya nafasi ya kuvuka wenyewe. Mimi sasa nauleta mvutano huo mezani: nasema ninahisi baridi humu ndani, nani mwingine anaihisi? Kisha nanyamaza. Ukimya wa sekunde ishirini mbele ya watu waliokulipa ni mzito, na bado sijauzoea, lakini mara zote kuna aliyeuvunja kwa kusema jambo la kweli.

Kunyamaza kwa kocha kunataka mpaka, hata hivyo, kwa sababu kundi likiachiwa hukimbilia kutoa ushauri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye zamu hajamaliza kueleza, watu watatu wamekwishamtatulia. Kanuni yangu ni maswali tu kwa dakika kumi za kwanza. Nakatiza kila anayeanza na "mimi ningekuwa wewe", nakatiza kwa upole na bila kuchoka, na kufikia kikao cha sita wanakatizana wenyewe.

Kuhusu matangazo sina mengi. Tatizo lililotajwa kwa maneno ambayo wenye nalo hulitumia linajaza viti 8 kuliko picha nzuri za kocha, na viti 8 ni vichache kuliko unavyodhani.

Kuna wanaonishauri niwageuze wanaomaliza kuwa wanachama wa kulipa kila mwezi, ili fedha isikatike. Nimekataa. Nililiuza kundi kama kitu chenye mwisho, na katika kikao cha mwisho kila mmoja huwaambia wengine saba, kwa jina, alichokipata kwao. Kisha wako huru. Kundi la msimu wangu wa tatu liliamua kuendelea kukutana lenyewe, mara moja kwa mwezi, bila ada na bila mimi. Wamebaki saba, maana mmoja alihama na saa zikamshinda. Katika msimu niliomaliza sasa hivi, waombaji sita waliandika kwenye fomu kwamba mtu wa kundi lile ndiye aliyewaelekeza. Niliwakubali wanne.