Aliyetunga maswali hakuiona picha

Leo siku ya tatu bado nina hasira, tena hasira ya pointi moja. Moja! Ijumaa usiku tulienda hoteli moja hapa Malindi, upande wa baharini, kulikuwa na mashindano ya maswali ya picha za zamani, za sinema, meza kwa meza, watakaoshinda wanalipiwa chakula. Meza yetu mimi, binamu yangu na Ami, ambae alikuja kwa sababu ya samaki tu, hayo mengine hakuambiwa.

Swali la saba. Jamaa wa maikrofoni anauliza, kwenye Casablanca ni nani anayesema "Play it again, Sam"? Nikacheka kimoyomoyo, manake mtego huo naujua. Nikaandika: hakuna. Ile picha ya 1942 iangalie mwanzo hadi mwisho, hakuna mtu anasema hivo. Ingrid Bergman anamwambia Sam, mpiga piano, apige, anautaja wimbo kwa jina, basi, halafu usiku Bogart, stelingi mwenyewe, amekaa na chupa yake anataka na yeye apigiwe kama alivyopigiwa yule mwanamke. Hiyo "tena" watu wameitia wenyewe. Karatasi ikarudi na alama ya kosa. Jibu lao: Bogart.

Nikamfata jamaa, kwa adabu wallahi. Nikamwambia kaka, hii picha ushaiona? Akanionesha simu, ati "bro, jibu ndo hili hapa." Mimi nimeuliza habari ya simu? Simu ndo imekaa ikaangalia?

Hapo ndo pananiuma. Mtu aliyeiona Casablanca hawezi kuuliza swali lile, atauliza la mikono ya Sam. Dooley Wilson, aliyecheza Sam, piano alikuwa haijui kabisa, yeye alikuwa mpiga ngoma, ile piano unayoisikia ni ya mtu mwingine na yeye anafatisha mikono tu. Ukishalijua hilo huwezi kumuangalia uso tena, macho yanashuka kwenye vidole, unavitafuta, unasema ngoja nimkamate. Hilo ndo swali! Linamrudisha mtu kwenye picha. Lakini "ni Oskari ngapi, ni mwaka gani", hayo hata aliyesoma jalada la kaseti akairudisha kabatini atajibu. (Haya, ya Ben-Hur nilikosa. Nimeandika tisa, kumbe ni 11. Sikatai. Lakini nimeiona mara nne.)

Na nyie, Malindi hii, muuza mabuyu anabishana bei kwa Kitaliano, halafu maswali thelathini hakuna hata moja la Sergio Leone, muongozaji wa Kitaliano? Ile The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, makauboi wote wale wako Hispania, na kila muigizaji akiongea lugha yake, huyu Kiingereza, yule Kitaliano, yule Kihispania, sauti zikaja kupachikwa baadae. Sisi utotoni tukiona mdomo unaenda kivyake na maneno yanaenda kivyake tunapiga dek ya video makofi, tunasema kaseti imechoka. Kumbe kaseti haina kosa. Dek ile tuliiua bure.

Ami alinyamaza mpaka samaki akabaki miba. Akafuta mikono, akauliza, "Sholay wameuliza?"

"Hawajauliza, Ami."

"Sasa wameuliza nini?"

Sholay ni picha ya Kihindi. Kihindi Ami hajui, lakini Gabbar Singh, lile jambazi la humo, anamjibia kila neno. Akamuita yule jamaa, mwanangu hebu njoo, nijibu hili moja tu: Gabbar mwisho aliuawa au alishikwa? Jamaa akachungulia simu, alishikwa na polisi. Ami akamuuliza, "Kwenye ipi?" Jamaa kimya. Manake miisho ni miwili. Wa kwanza Thakur, polisi wa zamani, anammaliza kwa miguu, na ni haki yake, mikono si Gabbar ndo aliyemkata? Wakaguzi wa serikali ya India wakakataa, ati mtu aliyekuwa polisi asionekane anajichukulia sheria, ikabidi wapige upya, polisi wanatokea dakika ya mwisho. Ndo huo uliotoka 1975. Ami anadai siku aliyoiona mara ya kwanza, pale video, kuna kijana alienda mlangoni kudai pesa zake, sio kwa sababu ya Gabbar, ni kwa sababu Amitabh amekufa na stelingi hafi.

Meza iliyoshinda walikuwa na simu tatu chini ya kitambaa cha meza, niliwaona. Yaishe.

Ami kasema Jumamosi baada ya Isha anafanya mashindano yake barazani, kiingilio kahawa na kashata za wote, simu zote zinaingia kikapuni kwa mkewe. Swali la kwanza kashalitangaza: ile sarafu ya Jai, huyo huyo Amitabh, yenye kichwa pande zote mbili, anairusha mara ngapi mpaka anakufa? Jana nimeirudia yote, masaa matatu na zaidi, nahesabu kwa vidole, saa nane usiku nikasinzia kidogo kwenye wimbo, na sasa sina hakika kama kuna moja imenipita.