Stempu ya Iringa Iwe ya Kalenga

Mji wa Iringa ulianza kama kambi ya jeshi la Wajerumani iliyowekwa na Tom von Prince mwaka 1896, juu ya kilima kinachotazama Mto Ruaha Mdogo, na kwa hesabu hiyo kambi inatimiza miaka 130 mwaka 2026. Stempu ya kumbukumbu ingefaa, sina ubishi. Ninachopinga ni picha ambayo wengi wangeikimbilia kwanza, yaani boma la Wajerumani lililoko mjini. Ni jengo zuri, na tangu lilipofanywa makumbusho limekuwa na manufaa kuliko lilivyokuwa mikononi mwa wenyewe, lakini stempu ya kumbukumbu ni heshima ya dola, na dola haina sababu ya kuipa heshima hiyo kambi iliyowekwa ili kummaliza Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewapinga Wajerumani.

Ngome inayostahili ipo jirani, Kalenga. Mkwawa aliizungushia ukuta wa mawe, na tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walioongozwa na Gavana von Schele waliivamia na kuiteka, miaka mitatu baada ya Wahehe kukiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Mkwawa mwenyewe hakukamatwa akiwa hai. Alijiua Julai 1898, na fuvu lake lilirejeshwa Kalenga mwaka 1954. Jeshi letu, kwa upande wake, lilikwisha kuchagua la kukumbuka, kwa kuwa kambi yake mashuhuri jijini Dar es Salaam inaitwa Lugalo. Sioni kwa nini Posta ichague kinyume.

Tukumbuke pia kwamba Wajerumani, walipochapa stempu za koloni hili kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, waliweka juu yake meli ya Kaisari wao, Hohenzollern. Barua iliyotoka Iringa, mahali ambapo bahari huonekana ndotoni tu, ilisafiri ikiwa na picha ya meli! Haikuwako sura ya mtu wa hapa wala jiwe la hapa.

Kwa hiyo ningependa ukuta wa Kalenga uchorwe jinsi ulivyokuwa kabla ya mizinga, chini yake iandikwe miaka miwili, 1891 na 1894, na mwaka 1896 utajwe katika maelezo ya bahasha ya siku ya kwanza, yaani bahasha maalumu inayotolewa siku stempu inapozinduliwa, ambako kuna nafasi ya kueleza kambi ya Prince ilikuja kufanya nini. Muhuri wa siku ya kwanza ugongwe Posta ya Iringa. Thamani yake nayo iwe ile ya barua ya kawaida ya ndani ya nchi, kwa sababu stempu ya bei kubwa huishia kwenye albamu za wakusanyaji wa ng'ambo, na mwanafunzi wa Kalenga asiione hata siku moja.