Kabla ya kumnunulia zawadi mtoto mwenye usonji, waulize wanaoishi naye

Sikukuu zikikaribia, ndugu wanaojua kwamba kwetu kuna mtoto mwenye usonji (kwa Kiingereza "autism") huanza kunitumia ujumbe: "Tumnunulie nini?" Nawapenda wanaouliza. Ni wachache kuliko wanaopitia Kariakoo wakaja na gari la polisi lenye king'ora.

Hilo gari nina ugomvi nalo. Ukilibonyeza linawaka taa nyekundu na za bluu, linazunguka lenyewe, linapiga kelele, na halina pa kupunguzia sauti. Mpwa wangu alipoletewa aliziba masikio akaingia uvunguni. Shangazi aliyelileta akanuna, eti mtoto hana shukrani. Shukrani inaingiaje hapo? Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, unaotumika nchi nyingi kutambua usonji, tangu 2013 unataja wazi kwamba watu wenye usonji huweza kuhisi sauti, mwanga au mguso kupita kiasi, au wasiuhisi inavyotarajiwa. Hapo kwenye "au" ndipo wengi tunapopotea. Yupo mtoto ambaye gari hilohilo angelishikilia sikioni kutwa nzima, anacheka. Ndiyo maana orodha za "zawadi 10 bora kwa watoto wenye usonji" hazinishawishi.

Muulize mama, au baba, au bibi, au dada wa kazi, ambaye mara nyingi ndiye anayejua zaidi. Anapenda kushika nini? Anakimbia nini? Bado anaweka vitu mdomoni? Hili la mwisho usilione dogo, kwa sababu umri ulioandikwa kwenye boksi hautakusaidia. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuwa bado anatia kila kitu mdomoni. Zile betri bapa kama kifungo zikikwama kooni huweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Vipande vya sumaku vikimezwa huvutana tumboni na vinaweza kutoboa utumbo. Na midoli mingi ya bei rahisi, mfuniko wa betri hauna hata skrubu.

Zawadi iliyofana kuliko zote nyumbani kwetu ilikuwa kufuli. Mjomba mmoja aliona jinsi mtoto anavyozihangaikia kufuli za watu, akaingia duka la vifaa vya ujenzi akamnunulia tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Watu walicheka. Mtoto akakaa nazo mkekani: anafunga, anasogeza sikio kusikiliza ule mlio, anafungua, anajaribu ufunguo wa hii kwenye ile, anarudia. (Funguo za akiba anazo mama. Alishatufungia ndani, sisi pamoja na wageni.)

Wapo wanaosema kumpa kitu kilekile anachokipenda ni kumzidishia tatizo, bora apewe cha kumfundisha. Sikubaliani nao kabisa. Mtoto huyu anafundishwa wiki nzima: kutamka, kushika kijiko, kusubiri zamu. Sikukuu na yeye apate cha kuchezea. Kama havai kandambili ila za bluu, mletee za bluu saizi inayofuata kabla alizonazo hazijakatika, uone mama yake atakavyokuombea dua.

Dukani kwa vifaa vya ujenzi pia kuna vile vya kuziba masikio wanavyovaa mafundi wanaokata chuma. Kwa mtoto anayeteswa na spika za harusi ya jirani, hiyo ni zawadi ya maana, ili mradi vimkae vizuri kichwani. Siku hizi wanaulizia pia blanketi zito. Wazo lina msingi: Temple Grandin, profesa Mmarekani mwenye usonji, alipokuwa kijana alijitengenezea mashine ya kumbana mwili kwa sababu kubanwa kulimtuliza. Lakini blanketi zito kwa joto la Dar mwezi wa pili? Na asifunikwe mtoto asiyeweza kulitoa mwenyewe. Mimi ningefunga bembea ya kitenge kwenye mwembe, imara, chini chini, imkumbatie akiwa macho na mtu yupo karibu.

Siku ya kumpa, toa makaratasi, kata lebo ya nguo isije ikamkwaruza shingoni, kiweke mahali atakapokiona, kaa pembeni. Achana na "njoo umbusu shangazi", achana na kamera. Anaweza kukipita kama hakipo, akakichukua Jumatano.

Na kama mfuko hauruhusu, njoo ukae naye Jumamosi mama yake akasuke nywele. Ila anza kuja mapema, akuzoee. Ukiibuka siku moja tu na kusema "dada nenda, niachie", mtalia wote wawili.