Nasaba ya matumbawe haichoreki kama mwembe

Chokaa ikibanduka kwenye nyumba za Mji Mkongwe, matumbawe hujitokeza. Pembeni mwa mlango wetu lipo jiwe lenye vishimo vya duara vilivyobanana, na ndani ya kila kimoja vikuta vyembamba kama karatasi vinaelekea katikati, mfano wa spoku za baiskeli. Kila kishimo kilikuwa nyumba ya mnyama mmoja laini.

Wataalamu wa zamani walitazama vikuta hivyo kujua nani ndugu wa nani. Ni sawa na kupanga ukoo kwa kutazama pua. Matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki yenye sura hii yakawekwa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi ndugu, na ya Karibi kule Atlantiki: Favia. Mwaka 2004 Hironobu Fukami na wenzake wakatoa matokeo ya DNA: ya Atlantiki, yaliyokuwa yamegawanywa katika familia mbili, yako karibu zaidi yenyewe kwa yenyewe kuliko na wale walioitwa ndugu zao wa Pasifiki. Pua zilifanana, damu hapana. Mwaka 2012 Favia ikaachiwa Atlantiki. Ya huku yakaitwa Dipsastraea.

Majina kubadilika sina neno nalo. Neno langu lipo kwenye mchoro. Watu huusoma mti wa mageuko, ule mchoro wa nani katokana na nani, kama ngazi, wakidhani aliye kileleni ndiye aliyeendelea. Shika kifundo chochote, pale tawi linapogawanyika, pindua matawi yake juu chini: undugu uko vile vile. Kinachosomwa ni pale matawi yanapoachana, basi.

Na tawi la mwembe likishaachana na mwenziwe halirudi kuungana naye. Matumbawe hurudi. Mengi humwaga mayai na mbegu usiku mmoja, na maji hayachagui. Kule Karibi, tumbawe Acropora prolifera ni chotara wa Acropora palmata na Acropora cervicornis. Umchore tawi gani? Charlie Veron, mtaalamu wa matumbawe, alikwisha kueleza mwaka 1995 kwamba historia yao ina sura ya wavu. Mimi ningewachorea wanafunzi jarife.

Darwin naye, katika daftari alilolianza 1837, aliandika kwamba mti wa uhai huenda ungefaa kuitwa tumbawe la uhai, kwa kuwa chini matawi yamekufa. Kweli, kilicho hai kwenye tumbawe ni ngozi nyembamba ya juu. Chini yake ni chokaa tupu.

Juzi fundi alikuja kupiga lipu. Nilimwomba aliache lile jiwe. Alinitazama, akalizunguka.