Duffy hakuanzia London

Kila ninaposoma habari za mwimbaji Duffy, zinaanza palepale: mwaka 2008, wimbo "Mercy", msichana mwenye nywele za dhahabu na sauti ya enzi za santuri, aliyeibuka kutoka kusikojulikana. Hilo neno "kusikojulikana" linaniudhi. Alitoka Nefyn, mji mdogo wa wavuvi kwenye rasi ya Llŷn, kaskazini-magharibi mwa Welisi. Huko Kiwelisi ndiyo lugha ya dukani na ya kugombezea watoto. Wenyeji wake wanapajua vizuri sana.

Mimi pia nilimjua kwa "Mercy". Nani hakuisikia mwaka ule? Ila nilipoanza kufuatilia alikopitia, nilikuta hadithi ambayo naona ina uzito kuliko tuzo zote alizokuja kupata, na inaanza kabla hajazaliwa.

Mwaka 1979 serikali ya Margaret Thatcher iliingia madarakani, kisha ikarudi nyuma kwenye ahadi ya kuwapa Wawelisi stesheni ya televisheni ya lugha yao. Watu waligoma kulipia leseni za televisheni, na wengine walipelekwa mahakamani. Mwaka 1980 Gwynfor Evans, kiongozi wa Plaid Cymru, chama cha wazalendo wa Welisi, mzee aliyekwisha kuvuka miaka sitini, akatangaza kwamba atafunga kula hadi kufa iwapo ahadi haitatimizwa. Serikali ikalegea. Stesheni hiyo, S4C, ilianza kurusha matangazo Novemba 1982. Aimee Duffy alizaliwa Juni 1984. Yaani hajafika duniani, tayari kuna mtu aliyekuwa radhi kufa ili mtoto kama yeye awe na jukwaa.

Jukwaa lenyewe alilipanda mwaka 2003. S4C ilikuwa na shindano la kusaka vipaji liitwalo "Wawffactor", naye akawa mshindi wa pili. Mwaka uliofuata akatoa EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu, ya nyimbo tatu, zote za Kiwelisi, kwa jina lake kamili: Aimée Duffy, hata kile kialama juu ya herufi e kikiwepo.

Wimbo mmojawapo unaitwa "Cariad Dwi'n Unig". Naomba tuutazame huo mstari kidogo. "Cariad" ni mapenzi, na ni hilohilo neno unalomwitia umpendaye, kama sisi tunavyosema mpenzi. Sentensi nzima ni "mpenzi, niko mpweke". Kilichonigusa zaidi ni hiyo "dwi'n". Kiwelisi cha kitabuni kina umbo refu zaidi la kusema "mimi niko". "Dwi'n" ni la mdomoni, ni kama sisi tunavyosema "nakuja" pale ambapo mwalimu angependa "ninakuja". Msichana wa miaka ishirini alikuwa anaimba upweke wake kama anavyousema nyumbani. Halafu tunaambiwa huo haukuwa mwanzo!

Miaka iliyofuata naipa heshima yake. Owen Powell, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi ya Catatonia, alikuwa miongoni mwa Wawelisi waliomsaidia na kumfikisha kwa Jeanette Lee wa kampuni ya muziki ya Rough Trade. Lee akamleta London na kumkutanisha na Bernard Butler, mpiga gitaa wa zamani wa bendi ya Suede. Butler alimjazia iPod nyimbo za soul za zamani, naye Duffy akasikiliza, akajifunza, wakatunga. Hakuna aliyemharakisha. Kuanzia 2004 hadi albamu ya "Rockferry" ilipotoka Machi 2008 ni karibu miaka minne, na unaisikia miaka hiyo ndani ya wimbo kama "Syrup & Honey", ambamo anaachwa karibu peke yake na gitaa la Butler na sauti haitetereki. Siku hizi chipukizi akikaa miezi sita bila kutoa kitu watu wanamzika. Nawasikitikia.

Yaliyotokea baadaye yanajulikana: "Mercy" ilikaa namba moja Uingereza wiki tano, "Rockferry" ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote nchini humo mwaka 2008, na mwaka 2009 zikaja tuzo tatu za Brit, tuzo za muziki za Uingereza, na Grammy moja ya Marekani.

Kuna watakaosema EP ile ilisikilizwa na watu wachache, kwa hiyo haina uzito. Siafiki. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi wapatao 538,000 huko Welisi, chini ya mtu mmoja kati ya watano. Msanii anayeimba kwa lugha hiyo ameshachagua hadhira ndogo kabla hajafungua mdomo. Kupima kazi ya namna hiyo kwa mizani ya chati za London ni kuionea. Wala simlaumu Duffy kwa kuhamia Kiingereza. Alitaka kusikika mbali na akasikika. Lawama yangu ni kwa sisi tunaoandika na kusimulia. Tunaiita "Rockferry" kazi yake ya kwanza, na kwa maneno mawili tu tunaifuta lugha nzima aliyoanzia.

Tazama video ya "Warwick Avenue". Amekaa kiti cha nyuma cha teksi, kamera haimwachi, wanja unachuruzika mashavuni, naye anaendelea kuimba. Wengi walishangaa binti mgeni kwenye muziki amepata wapi ujasiri wa kulia mbele ya kamera bila kujificha. Mimi nikimwangalia namwona yule wa 2004, aliyesimama mbele ya watu wa kwao akawaambia, kwa lugha ya mama zao, mpenzi, niko mpweke.